Mpangaji na mbwa wake: tuwekeane masharti, tuache makatazo

Kila mwisho wa mwezi mitaa ya Arusha hujaa kirikuu zilizobeba magodoro, ndoo, mitungi ya gesi na makabati yaliyofungwa kamba. Watu wanahama. Nimekuwa nikiutazama uhamaji huo kwa muda mrefu, na kuna jambo moja linalojirudia: vyombo vyote hupakiwa, mbwa huachwa. Siku za mwanzo haondoki langoni, kila gari likipita anainua kichwa. Njaa ikimzidi anaanza kushuka majalalani, Sakina, Kijenge, Moshono au Ngarenaro. Baada ya wiki chache watoto wa mtaa wanamwita mbwa koko na kumrushia mawe, ilhali juzi tu alikuwa na jina, bakuli na watu wake.

Uliza kwa nini aliachwa. Jibu ni lilelile: nyumba tuliyopata hawataki mbwa. Fungua makundi ya WhatsApp ya madalali usome matangazo: chumba na sebule, maji ndani, LUKU ya kujitegemea, fensi, kodi miezi sita, mwenye mifugo asisumbuke. Kwingine hata paka hapiti. Mpangaji anayeuliza sababu huambiwa kwa ufupi kwamba hayo ndiyo maagizo ya mwenye nyumba, na kama hawezi, wapo wengine kumi wanaoisubiri nyumba hiyohiyo.

Msimamo wangu ni huu. Katazo la jumla la kufuga katika nyumba za kupanga linawaumiza wapangaji wenye kipato kidogo, halimlindi mwenye nyumba kama anavyodhani, na linahatarisha afya ya mtaa mzima. Mahali pake tuweke masharti yaliyoandikwa, yanayomlinda aliyejenga, jirani anayeishi ukuta kwa ukuta, na familia inayomtegemea mnyama wake. Jambo hili linawezekana, na gharama yake ni ndogo kuliko hasara tunayoipata sasa.

Si anasa ya wenye nacho

Wapo wanaodhani kufuga mbwa au paka mjini ni starehe ya wageni na matajiri. Ukizunguka Arusha utaelewa dhana hiyo ilikotoka. Jiji hili ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ndilo lango la watalii wanaokwenda Serengeti na Ngorongoro. Kuna nyumba za Njiro, Themi na Ilboru zinazosubiri wapangaji wa mishahara minono, zenye ua mpana na fensi yake. Huko swali la mbwa haliulizwi. Pengine mwenye nyumba amekwisha kujenga banda kabisa, kwa kuwa anajua mpangaji wa aina hiyo atakuja na mbwa.

Swali huulizwa kwa ukali kule ambako mbwa anahitajika zaidi. Mfikirie mama anayetoka alfajiri kufuata mboga Soko la Kilombero ili awahi genge lake kabla jua halijachomoza. Mumewe ni mpishi wa safari. Msimu wa wageni ukianza anaweza kukaa porini wiki nzima au mbili. Nyumbani wanabaki watoto na bibi yao. Familia hii haina uwezo wa kulipa kampuni ya ulinzi, haina kamera wala waya wa umeme juu ya ukuta. Ulinzi wake ni mbwa mmoja anayebweka geti likiguswa usiku. Kumwambia mama huyu amwache mbwa ndipo apewe chumba ni kumvua ulinzi pekee alio nao.

Paka naye ana kazi yake. Kaya nyingi za mjini huletewa mahindi kutoka nyumbani, Karatu, Babati au Meru, na gunia hukaa pembeni mwa chumba kilekile wanacholala. Paka akiondoka panya hutawala, walisema wahenga, na wapangaji wa vyumba vya mabati na mbao wanaushuhudia ukweli huo kila usiku. Panya hutoboa gunia, hukojolea unga na kutafuna sare za shule. Asiye na paka hununua sumu, kisha anaitega chini ya kitanda katika chumba ambamo mtoto anayetambaa huokota kila anachokiona. Je, mwenye nyumba aliyekataza paka amepunguza hatari hapo, au ameiongeza?

Kuna jambo jingine tunaloona haya kulisema. Watu huwapenda wanyama wao. Mzee aliyefiwa na mkewe, na pia mtoto wa pekee asiye na wa kucheza naye, hupata kwa mnyama faraja ambayo hawaipati kwingine. Mapenzi hayo hayana tabaka. Wamaasai na Waarusha wanaozunguka jiji hili wameishi na mbwa wao vizazi kwa vizazi, wakilinda nao ng'ombe na mbuzi, bila kuiga desturi ya yeyote kutoka nje.

Hesabu ya mfuko mdogo

Tuiangalie hesabu. Tuseme chumba na sebule kinapangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, yaani shilingi 900,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, shilingi 150,000. Familia imekwisha kutoa shilingi 1,050,000 kabla ya kulipa gari la kuhamisha vyombo, na kabla ya hela ya kuzungushwa ambayo dalali huomba kila anapokupeleka kuona nyumba, uipende usiipende.

Sasa familia hiyo ina mbwa. Vyumba vya bei hiyo vyote vinamkataa. Inabaki nyumba yenye ua wake, tuseme ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 1,500,000, pamoja na udalali zinafika shilingi 1,750,000. Tofauti ni shilingi 700,000, zinazotakiwa siku moja, mkononi. Fedha hizo zingekuwa mtaji wa genge au akiba ya kujifungulia mama. Ni familia ngapi zenye uwezo wa kuzitoa kwa ajili ya kubaki na mbwa?

Kwa hiyo mpangaji hubaki na njia tatu, zote mbaya. Anaweza kumtupa mnyama. Anaweza kuhamia mbali, nje kabisa ya mji, ambako bado kuna nafasi, halafu nauli ya daladala na bodaboda ikala kile alichookoa kwenye kodi. Au anaweza kumficha. Na mnyama anayefichwa huishi vibaya: paka hafunguliwi dirisha, mbwa hufungiwa stoo mchana kutwa, akibweka anapigwa ili mwenye nyumba asisikie. Mnyama aliyelelewa hivyo ndiye anayekuwa mkali na mchafu. Kisha mwenye nyumba humnyooshea kidole na kusema, mmeona?

Wenye nyumba nao wana hoja

Nisingewatendea haki wenye nyumba kama ningewaita watu wasio na huruma. Wengi wamejenga kwa jasho, tofali moja moja, kwa mkopo wa kikundi au kiinua mgongo cha miaka mingi kazini, na kodi hiyo ndiyo pensheni yao. Wanaijua hasara ya mpangaji mzembe. Milango inakwaruzwa. Maua yanafukuliwa. Viroboto wanabaki chumbani mpangaji akishaondoka. Mbwa anabweka usiku kucha, wapangaji wengine wanakosa usingizi na kutishia kuhama. Na siku akimng'ata mtoto wa jirani, lawama zinaanzia kwa mwenye nyumba kabla hazijamfikia mwenye mbwa.

Ipo pia hoja ya imani, nayo inastahili heshima. Nyumba nyingi za kupanga zina bomba moja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Kwa jirani Muislamu anayefuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito. Nguo au chombo kikiguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayezurura uwani anamtia jirani huyo katika usumbufu wa kila siku wa ibada yake. Hana kosa akilalamika. Hata hivyo, mafundisho ya dini hiyohiyo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na yanasimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Imani hiyo inataka mipaka na usafi. Haitaki mnyama ateswe wala atupwe.

Ukizichunguza hoja hizi moja baada ya nyingine, utaona kila moja ina dawa yake. Kelele, uchafu, viroboto, uharibifu, kung'ata, najisi: yote ni matokeo ya namna mnyama anavyotunzwa, na utunzaji unaweza kuwekewa kanuni. Samaki mmoja akioza si lazima wote waoze. Mwenye nyumba aliyewahi kupata mpangaji mlevi aliyevunja madirisha hatangazi kwamba hapangishi tena wanaume. Anauliza maswali zaidi, anaomba mdhamini, anaandika mkataba. Kwa nini asifanye hivyohivyo kwa mpangaji mwenye mbwa?

Gharama inayorudi kwa mtaa

Hapa ndipo suala hili linapotoka kwenye geti la mtu binafsi na kutuhusu sote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeng'atwa huokolewa kwa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi hospitali kupata chanjo zinazotolewa kwa awamu. Kwa kaya maskini kila awamu ni nauli na siku ya kazi iliyopotea, na pengine ni mkopo kwa jirani.

Njia ya kuukomesha ugonjwa huu inajulikana. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo na kuendelea hivyo mwaka hadi mwaka, maambukizi hukatika. Pemba imetuonyesha hapahapa nyumbani: kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa kisiwani, na ulipoingia tena mwaka 2016, chanjo zikaukomesha tena. Kuua mbwa mitaani, kama halmashauri nyingi zinavyotangaza malalamiko yanapozidi, hakujawahi kuleta matokeo hayo. Wakiuawa wa leo, wa kesho wanazaliwa kwenye majalala yaleyale, nao hawajachanjwa.

Sasa jiulize: chanjo ya mbwa inafanyikaje? Bwana mifugo hutangaza siku na mahali, kwenye uwanja wa shule au ofisi ya kata, na wenye mbwa huwaleta kwa kamba. Mpango wote unategemea mbwa kuwa na mwenyewe. Aliyetupwa hana wa kumshika kamba. Anayefichwa naye hapelekwi, kwa kuwa mwenyewe anaogopa kuonekana na mwenye nyumba au mbea wa mtaa. Kwa maneno mengine, katazo lililobandikwa getini linapunguza idadi ya mbwa waliochanjwa na kuongeza idadi ya wanaozurura. Mwenye nyumba amemtoa mbwa uani kwake, na mjukuu wake anakutana naye njiani akienda shule.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunahesabu gharama za sindano hospitalini na risasi za mbwa koko, lakini hatutaki kuutazama ufa wenyewe, ambao ni nyumba za kupanga zinazowatoa wanyama mikononi mwa watu wanaoweza kuwatunza.

Masharti yanayotekelezeka

Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo mikataba mingi ya nyumba zetu ni karatasi moja yenye jina, kiasi na sahihi mbili. Tuongeze ukurasa mmoja. Kwanza, kadi ya chanjo. Mpangaji aonyeshe kwamba mbwa au paka wake amechanjwa kichaa, na chanjo irudiwe kwa tarehe anayoandika daktari wa mifugo. Hakuna kadi, hakuna chumba. Sharti hili pekee lingefanya kila mwenye nyumba kuwa msaidizi wa afya ya jamii.

Pili, amana. Mpangaji aweke kiasi kidogo, tuseme nusu ya kodi ya mwezi mmoja, kitakachorudishwa akihama ikiwa hakuna uharibifu. Viroboto wakikutwa, dawa ya kupulizia inunuliwe kwa fedha hiyo. Mlango ukikwaruzwa, upakwe rangi kwa fedha hiyo. Kiasi kiandikwe, sharti la kukirudisha liandikwe, ili kisigeuke njia nyingine ya kumkamua mpangaji.

Tatu, idadi na uzazi. Mbwa mmoja au paka wawili wanatosha kwa nyumba ya kawaida ya kupanga, na wahasiwe. Paka dume asiyehasiwa hupigana na kunyunyiza mkojo kila kona. Jike asiyefungwa kizazi huleta vitoto mara kadhaa kwa mwaka, na vitoto hivyo ndivyo vinavyokuja kuwa mapaka shume wa mtaa.

Nne, nafasi ya pamoja. Mbwa akae kwenye banda au eneo lake, mbali na bomba na kamba za nguo. Asizurure uani mchana watoto wa wapangaji wengine wakicheza. Kinyesi kiokotwe kila siku. Wapangaji wengine waulizwe kabla mnyama hajaletwa, na pingamizi la jirani wa ukutani lisikilizwe kwa uzito wake. Ikiwa nyumba ni ndogo na hakuna namna ya kutenganisha, basi mwenye nyumba ana haki ya kukataa, na sababu hiyo itaeleweka na mtu yeyote mwenye busara.

Tano, onyo kabla ya kufukuzwa. Masharti yakivunjwa, mpangaji apewe onyo la maandishi na muda wa kujirekebisha. Akirudia, mnyama atafutiwe pa kwenda kwa utaratibu, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi kwamba hakutupwa barabarani.

Masharti haya yanambana mpangaji pia, na ndivyo inavyostahili. Anayetaka kufuga akubali kwamba mnyama si pambo la kuonyesha picha. Anakula kila siku, anaumwa, anahitaji kuzoeshwa asibweke hovyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inampa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, na wajibu huo haukomi mkataba wa nyumba unapokwisha. Kabla hujachukua mtoto wa mbwa kwa rafiki, jiulize kama mwenye nyumba wako anajua, na utampeleka wapi ukihama.

Serikali iko wapi?

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mengi kati ya mpangaji na mwenye nyumba yanategemea makubaliano yao, na kwenye soko lenye nyumba chache makubaliano hayo huandikwa na upande mmoja. Nchi nyingine zimeliona tatizo la wanyama na kulitungia sheria. Ufaransa tangu mwaka 1970 hairuhusu mkataba wa nyumba ya kuishi kumkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani, ila mpangaji huyo anawajibika kwa uharibifu na usumbufu, na mbwa wa hatari wanaweza kukatazwa.

Sipendekezi tuinakili sheria ya Ufaransa neno kwa neno. Nyumba zetu nyingi ni za ua mmoja, na desturi zetu za ujirani ni tofauti. Lakini kuna hatua ambazo hazihitaji Bunge. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, linaweza kuweka masharti ya kufuga wazi katika mikataba yake, na wenye nyumba binafsi wakapata mfano wa kuufuata. Halmashauri inaweza kuandaa ukurasa mmoja wa masharti kwa Kiswahili chepesi na kuugawa kwa watendaji wa mitaa na madalali. Bwana mifugo wa kata anaweza kutoa kadi inayotambulika mtaani, na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, itumike kuwachanja mbwa wa wapangaji bila kuwauliza wanaishi kwa nani. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Hatutafika huko kwa vibao vya getini.

Madalali nao wana nafasi kubwa kuliko wanavyojua. Dalali anayemuuliza mwenye nyumba, "Mzee wangu, ukipewa kadi ya chanjo na amana, utakubali?" amefungua mlango ambao tangazo lake lilikuwa limeufunga. Atapata wateja wengi zaidi, na wateja hao hukaa muda mrefu, kwa kuwa aliyepata nyumba inayompokea na mbwa wake hana haraka ya kuhama. Mwenye nyumba anayejua adha ya chumba kukaa wazi miezi miwili ataiona faida hiyo bila kuelezwa.

Nyumba ni mali ya aliyeijenga, na hakuna anayetaka kumpora uamuzi wake. Barabara mbele ya geti lake ni yetu sote. Kila mbwa anayetupwa huko hugeuka mzigo wa mtaa, na wanaoubeba kwanza ni watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Kwa hiyo ninawaomba wenye nyumba jambo moja: atakapokuja mpangaji mwenye mbwa au paka, kabla ya kusema hapana, muulizeni kadi ya chanjo. Nanyi wapangaji, muwe nayo mkononi.